Ganda Likiachia Chuma

Mapokeo ya Upare yanasema Ugweno ulitawaliwa na Washana, ukoo wa wahunzi, kabla Wasuya hawajawanyang'anya kiti. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliyaandika hayo katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969. Haishangazi kwamba wahunzi walitawala. Aliyejua kufua jembe na mkuki alihitajiwa na kila mtu, hadi Uchagani. Na chuma chao hakikutoka shimoni. Mvua ilipoosha milima, vijito viliteremsha mchanga mweusi mzito. Waliuchota, wakaupepeta kwa maji, wakauchoma kwa mkaa huku mivukuto ikipuliza, mpaka likabaki bonge la kufulia.

Mkaa wote ule na jasho lote lile vilikuwa na kazi moja: kuing'oa oksijeni iliyoshikamana na chuma ndani ya mchanga. Lakini kiache chuma hicho kwenye umande, oksijeni itarudi yenyewe, bila moto wala mvukuto. Hiyo ndiyo kutu. Bomba la leo, liwe la maji, la mafuta au la gesi, limetoka kwenye tanuri kubwa kuliko la Mshana, lakini halikusamehewa deni hilo. Tangu siku linapolazwa mtaroni, ardhi inalidai.

Wilaya yetu ya Same, huku Upareni, haina bomba la gesi. Gesi asilia ya Tanzania inatembea kusini na pwani: kwenye bomba la Songo Songo lililoanza kazi mwaka 2004, na kwenye lile la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lililokamilika mwaka 2015. Kwetu kinachopita ni maji. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025, baada ya watu wa tambarare kuusubiri kwa zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo mabomba ya aina nyingine hayako mbali tena. Lile la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga, mkoa tunaopakana nao. Na Mei 2021 Tanzania na Kenya zilitia saini makubaliano ya kujenga bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Kijana wa Hedaru anayetafuta kibarua anaweza kujikuta mwaka wowote yuko kwenye mtaro wa bomba, ameshika beleshi, na hakuna aliyemweleza kwamba lile ganda jeusi au la kijani juu ya chuma si rangi ya kupendezesha.

Kwa hiyo hadithi hii ni ya kijana huyo, na ya diwani wake, na ya yeyote atakayeweka saini kwamba kazi imekamilika.

Tuanze na ardhi yenyewe. Anayeshuka kutoka Chome au Mbaga hadi barabara kuu ya Moshi na Dar es Salaam anaacha migomba na tangawizi nyuma yake na kuingia kwenye miiba na vumbi. Huku chini mvua ni chache, jua ni kali, na maji yanayopanda juu ya ardhi yakikauka huacha chumvi. Makanya panachimbwa jasi inayopelekwa kwenye viwanda vya saruji. Mchimbaji anaiona jasi kuwa riziki. Mtu wa mabomba akiiona, anasikia neno moja tu: salfeti. Kuna bakteria wanaoishi kwenye udongo usio na hewa, wanaoitumia salfeti kama sisi tunavyotumia oksijeni, na taka yao ni gesi yenye harufu ya yai viza ambayo huusaidia udongo kutafuna chuma. Bakteria hao hawahitaji nafasi kubwa. Wanahitaji unyevu, giza, na mahali ambapo hewa haifiki. Shika hayo matatu, tutayarudia.

Chuma kilichozikwa hakiozi sawasawa kila mahali. Sehemu moja ya bomba inatoa umeme mdogo mno, sehemu nyingine inaupokea, na udongo wenye unyevu na chumvi ndio unaoziunganisha. Panapotoa ndipo panapoliwa. Udongo mkavu wa mawe hupitisha umeme huo kwa shida. Udongo wa chumvi uliolowa huupitisha vizuri sana. Ndiyo maana mabomba mawili yaliyotoka kiwanda kimoja siku moja yanaweza kutofautiana umri kwa miaka mingi, kwa sababu tu moja lilizikwa kilimani na jingine bondeni.

Dawa inaeleweka kirahisi: litenge bomba na udongo. Livike ganda ambalo maji hayapiti. Utekelezaji ndio mgumu. Kiwandani bomba hupigwa kwanza kwa chembe za chuma zinazorushwa kwa kasi, mpaka kila doa la kutu na mafuta limetoka na uso umekwaruzika vya kutosha kushika. Kisha linapashwa moto, zaidi ya nyuzi 200, na kunyunyiziwa unga wa epoksi, ambao huyeyuka na kuganda juu yake kama sehemu ya chuma chenyewe. Mabomba mengi hupata tabaka mbili zaidi juu ya epoksi: gundi, halafu plastiki ngumu ya polithini yenye unene wa milimita chache, ya kuhimili mawe na makofi ya safarini. Kwa ajili ya bomba la Hoima kilijengwa kiwanda kizima Sojo, wilayani Nzega, kwa sababu mafuta yale ni mazito kama nta, lazima yasafiri yakiwa ya moto, na bomba linahitaji pia koti la kutunza joto. Koti la namna hiyo lina hatari yake: maji yakipenya chini yake, yananaswa mle mle kwenye joto.

Lakini kiwanda hakiwezi kupaka kila kitu. Mabomba huchomelewa mtaroni, kipande kwa kipande, na kila kiungo kinabaki uchi mpaka fundi akivike hapo hapo, juani, penye vumbi na upepo. Huko kiwandani kulikuwa na mashine. Hapa kuna brashi ya waya, mtungi wa gesi wa kupashia moto, na mkono wa mtu aliyeamka saa kumi usiku. Wataalamu wote niliowahi kuwasoma wanakubaliana kwamba viungo ndivyo pahali pa kutazama kwanza.

Tuseme basi mtaro umefunguliwa kati ya Makanya na Hedaru. Saa nane mchana. Kijana ameanza kurudisha udongo kabla hajaambiwa, na fundi mkuu anakuja akiwa na kifaa chake mkononi.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba, kijana wangu. Mbona unafukia?”

“Katapila linasubiri, fundi. Na pale pamechubuka kidogo tu, kama ukucha.”

“Ukucha huo ndio nimelipwa kuja kuutafuta. Toa udongo.”

Kifaa cha fundi ni brashi au waya wa mviringo unaobeba umeme wa volti maelfu. Anaupitisha juu ya ganda polepole. Penye ganda zima hakuna kinachotokea. Penye tundu, hata lisiloonekana kwa macho, cheche inaruka na kifaa kinalia. Hapo anapiga alama kwa chaki, panasafishwa, panazibwa, panapimwa tena. Ni kazi ya kuchosha na haina picha ya kuweka gazetini. Bajeti inapobana au mvua inapokaribia, ndiyo ya kwanza kufupishwa, na sijui kazi nyingine ya ujenzi ambayo ufupisho wake hauonekani kabisa siku ya kukabidhi. Bomba likishafukiwa, lililopimwa na lisilopimwa yanafanana.

Kijana ana hoja, tusimdharau. Mchubuko mmoja kwenye kilomita nyingi za ganda zuri una ubaya gani? Ubaya wake ni kwamba kutu iliyokuwa igawanywe kwenye eneo kubwa sasa inaweza kukusanyika hapo. Badala ya bomba zima kukonda taratibu, tundu dogo linachimbwa kwenda ndani. Kwa sababu hiyo bomba la chuma lenye ganda hupewa mlinzi wa pili: umeme unaosukumwa makusudi kutoka nje kuja kwenye bomba, ili pasiwe na sehemu yake inayotoa. Hufanywa kwa vipande vya magnesi au zinki vinavyozikwa kando na kuliwa badala yake, au kwa mashine iliyounganishwa na umeme wa kawaida. Wahandisi wana kipimo chao, milivolti 850 upande wa hasi zikipimwa kwa kifaa cha shaba kilichogusishwa ardhi. Ganda likichubuka, umeme huo unafika kwenye kidonda na kukilinda. Viwili hivi hutegemeana. Kimoja bila kingine ni nusu kazi.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani hatari ni ganda lililotoboka. Kisa kikubwa kuliko vyote ninavyovijua kinasema vingine.

Karibu na mji wa Marshall, jimbo la Michigan, Marekani, palipita bomba la mafuta ghafi la inchi 30 mali ya kampuni ya Enbridge ya Kanada, lililolazwa mwaka 1969. Ganda lake halikuwa epoksi wala plastiki ya kiwandani ya tabaka tatu. Lilikuwa utepe wa polithini wenye gundi, uliozungushiwa bomba. Utepe ulikuwa teknolojia ya heshima wakati ule: rahisi, wa haraka, hauhitaji tanuri. Lakini bomba lile lilikuwa na mshono wa kuchomelea uliopita kwa urefu wake, ukiinuka kidogo juu ya uso wa chuma. Utepe ulipopita juu ya mshono haukulala. Uliacha upenyo mwembamba pande zote mbili, kama turubai linavyoacha nafasi pembeni ya mti wa hema. Miaka ikapita. Udongo ukavuta, gundi ikachoka, maji ya ardhini yakaingia kwenye ule upenyo na kutulia.

Unyevu, giza, pasipo na hewa.

Na yule mlinzi wa pili? Umeme wa kinga ulikuwepo. Haukufika. Plastiki ni kizuizi cha umeme. Ndiyo sifa yake. Utepe ulioachia chuma lakini haujapasuka ulifunga njia, umeme ukapita nje na kuiacha kutu ndani ikifanya kazi kwa amani. Bomba likaota nyufa ndogo ndogo mlemle kwenye mistari ya kutu, zikaungana. Ganda lingekuwa limeng'oka kabisa na kuanguka, umeme ungefika. Lingekuwa limeshika vizuri, maji yasingefika. Lilikuwa katikati: limeachia, lakini bado linafunika. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakifikiria polithini, ila mhandisi wa mabomba hawezi kuusikia msemo huo bila kushtuka.

Jumapili tarehe 25 Julai 2010, muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili jioni, bomba lilipasuka kwa urefu wa mita 2 kwenye eneo la kinamasi. Chumba cha kuliongozea kilikuwa Edmonton, Kanada, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Ving'ora vililia. Waliokuwa zamu walikuwa wakilizima bomba kwa ratiba iliyopangwa, wakadhani msukumo umeshuka kwa sababu mafuta yameachana ndani ya bomba na kuacha pengo. Maelezo hayo yaliwatosha. Wakaliwasha tena, wakasukuma. Likakataa kujaa. Wakaliwasha mara ya pili. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyomwagika yalitoka katika vipindi hivyo viwili vya kusukuma.

Wakati huo huo wakazi wa Marshall walikuwa wakipiga simu ya dharura kusema kuna harufu ya gesi. Zimamoto walitoka, wakazunguka usiku, hawakuona kitu. Taarifa iliyomaliza ubishi ilitoka siku ya pili, saa tano na robo asubuhi, kwa mfanyakazi wa kampuni nyingine kabisa, ya gesi, aliyeyaona mafuta juu ya ardhi kwa macho yake. Zilikuwa zimepita zaidi ya saa 17. Mafuta zaidi ya lita milioni 3 yalikuwa yameingia kwenye kijito cha Talmadge na kuteremka Mto Kalamazoo. Hakufa mtu, ila mamia walilalamikia afya zao, na gharama ya kusafisha ilivuka dola bilioni 1.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilitoa ripoti yake mwaka 2012. Jambo linalonikera zaidi ndani yake haliko kwenye chumba cha Edmonton. Mwaka 2005 kifaa cha kukagua kilipitishwa ndani ya bomba hilo na kikaziona dalili za nyufa katika kipande kilekile. Zilirekodiwa, zikafanyiwa hesabu, hesabu ikasema zinaweza kusubiri. Hakuna aliyechimba kuzitazama. Ripoti ya ukaguzi ikawa nayo ganda lililoachia: ipo, inafunika, na chini yake kinachoendelea kinaendelea.

Kisa hiki kinaonyesha kwa nini fikra kuhusu kuchagua ganda zimegeuka. Swali la zamani lilikuwa: lipi linazuia maji zaidi? Swali la sasa lina nyongeza: likishindwa, litashindwaje? Epoksi iliyogandishwa kwa moto, ikiachia chuma, huruhusu umeme wa kinga upite kwa kiasi. Inashindwa kwa namna inayompa mlinzi wa pili nafasi. Polithini inazuia maji na mawe vizuri kuliko epoksi, lakini ikiachia inaficha. Ndiyo sababu siku hizi polithini huwekwa juu ya epoksi, si peke yake juu ya chuma, na ndiyo sababu mkandarasi anayependekeza utepe wa kuzungusha kwa mkono kwenye viungo vya udongo wa chumvi anapaswa kuulizwa maswali mengi na kwa sauti. Bei ya chini ya utepe ni ya kweli. Inachoacha kukuonyesha ni mwaka utakapoanza kulipa.

Kwa haki, si kila uvujaji unatokana na ganda. Moto wa Sinai, Nairobi, wa tarehe 12 Septemba 2011, ulioua zaidi ya watu 100, ulianzia kwenye petroli iliyotoka bombani na kuingia mfereji unaopita katikati ya vibanda. Huko kilichoshindwa kilikuwa kizibo cha kwenye kiungo, na watu walikuwa wamejenga juu ya njia ya bomba kwa kukosa pa kwenda. Lakini ukitaka kisa cha bomba kuukuu la jirani, huna haja ya kwenda Michigan. Toka Same uelekee kaskazini, vuka Mkomazi, vuka Tsavo, pita milima ya Chyulu, utatokea upande wa Kibwezi, kaunti ya Makueni. Huko kuna kijiji cha Thange.

Bomba la kwanza la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Mei 2015, likiwa na miaka 37, lilivuja Thange. Mafuta yakaingia mtoni na kwenye maji ya ardhini ambayo watu walikuwa wakinywa, wakinyweshea mifugo na kumwagilia mashamba. Pita pale kwa basi la Mombasa, hutaona ajabu: nchi kavu, mibuyu, vilima, nchi inayofanana sana na yetu ya tambarare. Na kama kwetu, mto mdogo kwenye nchi kavu haupimwi kwa ukubwa wake. Ukiuharibu huo mmoja, hakuna wa pili.

Kampuni ya Kenya Pipeline ilileta maji kwa magari, ikasafisha, ikaahidi. Watu waliendelea kulalamikia afya zao, mazao yao na maji yao mwaka baada ya mwaka. Walikwenda mahakamani, na ni mwaka 2025, miaka kumi baadaye, ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ilipoamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza bomba lilipovuja alikuwa amefika sekondari. Wakati huohuo bomba jipya la inchi 20 lilikuwa limeshajengwa kuchukua nafasi ya lile la 1978. Yaani fedha za bomba jipya zilipatikana hatimaye. Kilichokosekana ni kuzipata kabla.

Kuna kisa cha tatu, na hiki kinawahusu watu wa maji moja kwa moja. Tarehe 22 Aprili 1992, mitaa ya eneo la Analco, jijini Guadalajara, Mexico, ililipuka kutoka chini. Petroli ilikuwa imeingia kwenye mifereji ya majitaka, ikatambaa chini ya nyumba kwa kilomita kadhaa, ikapata cheche. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, ni zaidi ya 200. Siku kadhaa kabla, wakazi walikuwa wamelalamika kwamba mabomba ya nyumbani na mifereji inanuka petroli. Maofisa walikuja, wakapima, hawakuwahamisha watu.

Chanzo kilipofukuliwa kilionekana kidogo mno kwa maafa yale. Bomba jipya la maji, lililopakwa zinki, lilikuwa limelazwa karibu mno na bomba la chuma la petroli. Metali mbili tofauti, ardhi yenye unyevu kati yao: kwa maelezo yaliyotolewa, umeme ule mdogo ukaanza kutembea, na bomba la petroli likatobolewa. Mafundi wa maji hawakukosea kazi yao ya maji. Zinki ni kinga halali, ndiyo inayofanya mabomba yetu ya chuma ya mabati yadumu kwenye skimu za mserereko milimani. Walichokosa ni kuuliza kuna nini kingine mtaroni.

Njia yetu ya tambarare ni nyembamba. Upande mmoja kuna milima, upande mwingine nyika na hifadhi. Ndani ya ukanda huo huo kuna reli ya Tanga iliyojengwa na Wajerumani, barabara kuu yenye vituo vya mafuta na matangi yake chini ya ardhi, njia ya umeme mkubwa, na sasa mabomba ya maji. Kila kitu cha chuma kilichozikwa ni jirani wa kingine, na nyaya kubwa za juu zinaweza kuamsha umeme kwenye bomba refu lililo sambamba nazo. Hakuna sababu ya kuogopa. Nchi nyingi zinaishi na msongamano kama huo. Kuna sababu ya kuwa na ramani moja. Halmashauri, mamlaka ya maji, reli, TANROADS na TANESCO kila mmoja ana michoro yake, na mtaro hauchagui ofisi.

Kitu kingine ni vyuma chakavu. Mfumo wa umeme wa kinga una nguzo fupi za kupimia kando ya njia ya bomba, na kila nguzo ina waya wa shaba unaoshuka hadi kwenye chuma. Shaba inauzika. Anayeukata waya huo usiku haoni mafuta wala gesi ikitoka, wala maji. Asubuhi bomba liko vilevile, na mwaka ujao pia. Anayenunua haulizi umetoka wapi. Kijiji kinachojua nguzo ile ni ya nini kitailinda vizuri kuliko mlinzi wa kampuni anayepita kwa pikipiki mara moja kwa muda mrefu, lakini sijawahi kusikia mkutano wa hadhara ambapo mtu alisimama akaeleza nguzo ile ni ya nini.

Na katika visa vyote viwili vya ng'ambo, Marshall na Guadalajara, pua za watu zilijua kabla ya vyombo. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, haina harufu. Inayonuka imetiwa dawa makusudi ili mtu wa kawaida ajue. Anayempuuza mwanamke anayesema kisima kinanuka amekitupa kipimo pekee kilichokuwa kazini.

Siku ya kukabidhi mradi, meza huwa na soda, hotuba na mkasi wa kukatia utepe. Ni siku nzuri ya kuuliza mambo matatu, na diwani yeyote anaweza kuyauliza bila kuwa mhandisi. Kitabu cha cheche kiko wapi, chenye orodha ya kila kiungo, tarehe, jina la aliyepima na alichoziba? Viungo vimevikwa nini, na kikiachia chuma kitaficha au kitaonyesha? Nani atasoma zile nguzo, mara ngapi kwa mwaka, na namba zikishuka atampigia nani simu? Jibu la tatu likiwa “mkandarasi”, muulize mkandarasi anaondoka lini.